Je, Wajua? Biti za siri zinaweza kuokolewa zisitupwe

Je, wajua kwamba mbinu ya kwanza ya kugawana ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga hutupa nusu ya biti zake?

Mbinu hiyo, BB84, ilibuniwa mwaka 1984 na Charles Bennett na Gilles Brassard. Mtumaji huweka kila biti kwenye fotoni, yaani chembe ya mwanga, akichagua jozi moja ya mielekeo kati ya mbili: wima na mlalo, au mishazari miwili. Mpokeaji naye hubahatisha jozi ya kupimia. Wakitofautiana, biti hutupwa.

Hoi-Kwong Lo, H. F. Chau na M. Ardehali walionyesha dawa yake: jozi moja ipendelewe. Wote wawili wakiitumia mara 9 kati ya 10, watalingana kwa asilimia 82.

Na usalama? Makosa ya kila jozi lazima yahesabiwe peke yake. Mdukuzi anayepima fotoni zote kwa jozi inayopendelewa huharibu nusu ya biti za jozi nyingine, na hapo hunaswa. Hesabu zikichanganywa, makosa hayo hayafiki hata asilimia 1, naye huweza kupita bila kushukiwa.