Pikapu Iliyonyamaza Alfajiri

Pikapu yetu ni Toyota Hilux ya zamani, ya petroli na kabureta, na ndiyo ichukuayo nazi kutoka shamba hadi sokoni. Alfajiri moja iligoma. Tuligeuza ufunguo, tukasikia mgongo mmoja, "ta!", kisha kimya. Taa za mbele zilibaki na mwanga wake kamili.

Fundi wa kwanza aliihukumu betri bila ya kuipima. Tukanunua mpya kwa fedha tulizoziweka za karo. Gari likanyamaza vilevile. Wa pili akataka stata ishushwe, na hapo Bi Mkubwa wa nyumba akaapa kuwa hatoi hata shilingi moja mpaka aonyeshwe ugonjwa kwa macho yake.

Ndipo tulipomwita mzee mmoja wa mtaani, fundi aliyekwisha kustaafu. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: "Injini yazunguka, au haizunguki?" Suali hilo ndilo njia panda. Injini ikizunguka kwa nguvu isiwake, stata na betri hazina kosa. Itafutwe petroli kwenye kabureta na cheche kwenye plagi. Isipozunguka, petroli haina hatia, utafutwe umeme.

Betri mpya aliipima, ikaonyesha volti 12.6, yaani imejaa. Akaomba na ile ya zamani tuliyoitupa bandani: 12.5. Tulitazamana.

Baada ya kuhakikisha gia ni huru na breki ya mkono imevutwa, aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili kwenye chuma cha injini, akaamuru ufunguo ugeuzwe. Waya mzima hauachi kupotea hata nusu volti hapo. Wetu ulipoteza zaidi ya volti 4. Akatuuliza kama tulikuwa tumeziona taa siku ile. Taa hutaka umeme kidogo, na zina waya wao mwembamba uendao kwenye bodi. Stata hutaka ampea mia na zaidi, na zote sharti zirudi betrini kwa ule waya mnene wa injini. Mwanga wa taa ulikuwa umeshatuambia kuwa betri ni nzima, nasi hatukusikia.

Akafungua waya, akianza na kichwa hasi, kwani spana ikiugusa mwili wa gari huku imeshika kichwa chanya, hutoa cheche za kutisha. Nje mpira ulikuwa mzuri. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, nyuzi zikakatika mkononi mwake. Hewa ya chumvi ya huku kwetu pwani huingia mwishoni mwa waya na kula kuelekea ndani, pasipo mtu kuona.

Waya mpya, msasa kwenye chuma cha injini, grisi kidogo juu ya nati. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Betri mpya muuzaji hakukubali kuirejesha. Inawasha taa ya bandani, na karo tumeilipa kwa mafungu mawili.