Korona na Mlango wa Nyumba: Nani Alilipa Gharama?

Ni miaka kadhaa sasa tangu ugonjwa wa korona uingie nchini, lakini mabishano yake hayajaisha. Hapa kwetu Ikungi tunayasikia kisimani, kwenye mikutano ya vikoba, hata nje ya kanisa baada ya ibada: je, Tanzania ilifanya vema kukataa kuwafungia watu majumbani? Wengi wetu hujibu upesi, "Tungekufa kwa njaa." Wachache, hasa wale waliozika mzazi au mume mwanzoni mwa mwaka 2021, hunyamaza.

Sisi wauguzi tumezoea mizani. Mtoto aletwapo kliniki hatumkisii uzito kwa macho, hata kama mashavu yamejaa. Basi na jambo hili tulipime hivyo hivyo, kwani ugonjwa mwingine ukija swali litakuwa lile lile, na sisi akina mama ndio tutakaokuwa na sufuria mkononi.

Kwanza tukumbuke kilichotokea hasa, maana kumbukumbu za watu zimeanza kuchanganyika. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, mkoani Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari, na vyuo vikafuata. Michezo ikasimamishwa. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa, zikaruhusiwa tena mwezi Mei. Lakini masoko, minada, mashamba, viwanda, mabasi, makanisa na misikiti viliendelea. Hayati Rais Magufuli alikataa waziwazi habari ya watu kukaa ndani. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na waliobaki tarehe 29 Juni.

Kwa hiyo anayesema kwamba Tanzania haikufunga amesema nusu tu ya ukweli. Tulifunga. Tuliowafungia ni watoto.

Nyumba isiyoweza kujifungia

Hata hivyo, tuanze na upande wa wale wanaosema tungekufa kwa njaa, kwa sababu wana hoja nzito. Amri ya kukaa ndani ni nyepesi kwa mtu mwenye mshahara, bomba la maji uani na friji iliyojaa. Nyumba ya Ikungi haiko hivyo. Maji yako kisimani, na kisima hakisogei. Kuni ziko porini. Fedha ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa inatokana na kuku aliyeuzwa leo, debe la alizeti lililopelekwa mashineni leo, au sahani za wali ambazo mama lishe ameuza leo kando ya barabara kuu. Mama huyo akikaa nyumbani siku tatu, mtaji umeliwa. Akikaa wiki mbili, atarudi kukopa upya, na kikoba chenyewe hakina kitu kwa sababu wenzake nao walikaa.

Tena amri hiyo ingetukuta wakati gani? Machi hadi Juni ndio wakati wetu wa kuamia ndege kwenye uwele na mtama, kisha kuvuna, kisha kupiga alizeti. Sisi hatuna vuli na masika kama watu wa Kilimanjaro. Tuna msimu mmoja tu, na mavuno ya miezi hiyo ndiyo chakula cha mwaka mzima.

Majirani zetu waliofunga tunaweza kuwatazama bila kuwacheka. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, 2020, toka saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Hakuwa barabarani wala hakuwa amevunja amri yoyote.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 25 Machi usafiri wa abiria ulipigwa marufuku, zikiwemo bodaboda kubeba watu, na tarehe 30 hata magari ya watu binafsi. Aliyekuwa na mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa Rais katika wilaya. Hapa sisi wauguzi tunasimama kidogo, kwani jambo hili tunalijua kwa mikono yetu. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Uchungu hauombi kibali. Katika mafunzo yetu tunafundishwa kwamba mama mjamzito huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Amri ile iliongeza ucheleweshaji wa pili kwa makusudi. Wanawake walitembea usiku kwa miguu wakiwa katika uchungu, na wapo waliofia njiani, mpaka Serikali ilipolegeza na kuruhusu wajawazito kusafiri bila kibali. Sisi ambao hata siku za kawaida tunatafuta bodaboda usiku wa manane kutoka kijijini, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini msidhani kwamba kwa kuacha milango wazi tulisalimika na hasara. Wageni kutoka nje waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuwa kama 620,000 tu. Utasema watalii hawaji Ikungi, na ni kweli, ila vijana wetu wanaofua mashuka ya hoteli Arusha na Zanzibar ndio wanaotuma fedha za mbolea na ada. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa hapa kwetu. Rwanda ilipotaka madereva wabadilishane mpakani Rusumo, malori yalikwama, na mama lishe wa barabarani aliona kwenye sufuria yake. Hofu nayo ilifanya kazi yake bila amri ya mtu. Wapo akina mama walioacha kuleta watoto kliniki kwa kuogopa kuambukizwa kwetu. Dunia nzima, watoto wapatao milioni 23 walikosa chanjo za kawaida mwaka 2020, ambao ni karibu milioni 4 zaidi ya mwaka uliotangulia. Surua haingoji korona iishe.

Waliofungiwa

Sasa turudi kwa watoto. Sisi tuliona miezi mitatu na nusu si kitu. Vipindi vya redio na televisheni vilitangazwa kuwa masomo yataendelea, lakini katika nyumba yenye redio moja isiyo na betri, na baba akitaka kusikiliza taarifa ya habari, somo la hisabati halina nafasi. Wavulana walikwenda machungani. Wasichana waligawana kazi za mama: maji, kuni, mdogo wa mgongoni. Wengine walipelekwa mjini kufanya kazi za ndani "kwa muda tu, shule zikifunguliwa atarudi." Sote tunajua maana ya maneno hayo.

Onyo lilikuwepo tangu zamani. Sierra Leone ilipofunga shule kwa ajili ya Ebola mwaka 2014, wasichana wengi walirudi kuwa wajawazito, na nchi ile ikawazuia kuingia darasani. Zuio hilo liliondolewa mwezi Machi 2020, wakati huo huo dunia nzima ilipokuwa ikifunga shule. Huko Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti walifuatilia wasichana wapatao 900 wa sekondari. Katika kundi lililomaliza kabla ya korona, kama 5 kati ya kila 100 walipata mimba kabla ya kumaliza. Katika kundi lililokumbwa na kufungwa kwa shule, walikuwa karibu 11. Walioacha masomo waliongezeka mara tatu. Na Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020, wanafunzi wengi hawakurudi kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Karibu miaka miwili! Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga kwa muda mrefu kiasi hicho.

Sisi tulifunga muda mfupi, na hilo tulihesabu kwa haki kama jema. Lakini msichana wa Kitanzania aliyepata mimba katika miezi ile alikuwa na adhabu ambayo mwenzake wa Siaya hakuwa nayo, kwani shule zetu wakati huo zilimfukuza moja kwa moja. Waraka wa kumruhusu kurudi ulitoka tarehe 24 Novemba, 2021. Kwa aliyefukuzwa mwaka 2020, kipindi kile kilitosha kwa mahari kupokelewa na mambo yakaisha kimyakimya. Mwanamume mhusika, kama ilivyo desturi, hakufungiwa chochote.

Kwa nini gharama hii haitajwi katika mabishano ya kisimani? Tunadhani ni kwa sababu haikulipwa sokoni, ililipwa jikoni. Mfanyabiashara aliyefunga duka hupiga kelele na gazeti huandika. Msichana wa kidato cha pili anayebeba dumu la maji saa tatu asubuhi haandikwi na mtu, kwa sababu kwa macho yetu anafanya kazi ya kawaida ya msichana.

Kitanga cha pili

Hadi hapa mizani inaelekea upande wa kutofunga. Lakini mizani ina vitanga viwili, na cha pili kwetu kilifunikwa kitambaa. Mwezi Mei 2020, taarifa za wagonjwa zilikoma kutolewa zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tangu hapo, kwa zaidi ya mwaka, taifa halikuambiwa idadi.

Idadi isipotajwa, ugonjwa hauondoki. Mwanzoni mwa 2021 tulisikia kengele za misiba kuliko kawaida, na kwenye vyeti na matangazo ya vifo likatawala neno "nimonia" au "changamoto ya upumuaji". Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alifariki tarehe 17 Februari, 2021, baada ya chama chake kueleza kwamba alikuwa na korona. Mwezi uliofuata Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alisema kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili, wakiwa na matatizo ya kupumua. Masista hao wengi ni walimu na wauguzi wenzetu. Makanisa yaliyobaki wazi yalitufariji sana, nasi hatulijutii hilo, ila faraja ingeweza kwenda pamoja na madirisha wazi, barakoa, na ibada fupi. Mahali pengine haikuwa hivyo, kwa sababu waumini walikwisha kuamini kwamba ugonjwa haupo.

Hapa ndipo sisi tunapotofautiana na wale wanaojisifu. Kuacha soko wazi ni jambo moja, na kuwanyima watu habari ni jambo jingine. Mama anayejua kwamba ugonjwa uko kijijini atauza kuku wake, ila hatamtuma mtoto mwenye mafua akalale kwa bibi yake wa miaka 80. Asiyejua atamtuma. Kuwapa watu taarifa hakugharimu debe hata moja la alizeti. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikarudi, na chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai, 2021. Lakini kwa mwaka ule uliopotea hakuna atakayetuambia ni wangapi, na ndiyo maana mjane anaponyamaza kisimani tusimjibu kwa hoja ya njaa.

Ikiwa mtu atauliza ingewezekanaje kutofunga soko na bado kupambana na ugonjwa, tumtazamishe Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ambao ni mkali kuliko korona, ulitokea wilaya ya Bukoba. Ulitangazwa kwa jina lake. Waliogusana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja na kufuatiliwa kila siku. Nchi haikufungwa. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya, na tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Ni kweli korona huenea kwa hewa na haikamatiki kwa urahisi kama huo, tena mtu huiambukiza kabla hajajijua. Lakini kutaja jina, kuhesabu, na kumtenga mgonjwa badala ya kijiji kizima, hayo yanawezekana kwa ugonjwa wowote.

Na endapo shule zitafungwa tena, sisi tungeshauri akina mama wasingoje waraka. Katika kikundi cha nyumba kumi, wasichana wa sekondari wanaweza kuorodheshwa na mama mmoja akawa anawauliza kila wiki, yuko wapi, kwa nani, anasoma nini. Anayetaka kumpeleka binti mjini "kwa muda tu" akutane na wenzake kwanza. Saa mbili za asubuhi ziachwe ziwe za daftari, maji yateke mwingine, hata kaka.

Wale wa mwaka 2020 wamekwisha kuwa akina mama. Tunawaona kliniki, mtoto wa pili mgongoni, na wengi bado wanakumbuka namba yao ya mtihani. Yuko anayefikiri kwamba mlango umefungwa kabisa, na si kweli. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasimamia masomo ya sekondari kwa njia mbadala kwa wasichana walioachia njiani. Anayetaka aanze kwa Afisa Elimu Kata, na mkwe wake akubali kukaa na mtoto saa za darasa.