Hai Mauna: Mtaa usiokuwamo vitabuni, lakini una mengi ya kusimulia

UKIMWAMBIA dereva wa bodaboda pale soko la Custom mjini Juba akupeleke Hai Mauna, hatakuuliza jina la barabara wala namba ya nyumba. Atakuuliza unakwenda kwa nani, na kwake ni karibu na nini: kisima, kanisa au mwembe. Ramani ya mtaa huu imo vichwani mwa watu, na historia yake vilevile.

Mimi ni mwalimu hapa. Vita viliniondoa nchini nikiwa mtoto, nikasomea Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini magharibi mwa Kenya mwaka 1992. Huko nilifundishwa habari za Fort Jesus, Mau Mau na reli ya kutoka Mombasa, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitakusimulia. Habari za ardhi niliyozaliwa hazikuwamo katika somo. Niliporudi nikakuta wanafunzi wangu, ambao hawakupata kuvuka mpaka wowote, wako kama mimi. Wanaijua tarehe ya uhuru, Julai 9, 2011, lakini hawajui nani alilima mahali palipojengwa darasa lao.

Msomaji asidhani hili ni jambo la kupitisha wakati. Katika mji wa Juba, kujua nani alitangulia kufika na nani alimpokea nani ni jambo linaloweza kuamua familia italala wapi.

Majina yana habari

Nilianza na jina. “Hai” katika Kiarabu ni mtaa. “Mauna” nalo, kwa anayekijua Kiarabu, linasikika kama neno lenye maana ya msaada, ndugu wa maneno yetu ya Kiswahili auni na muawana. Ukitembea Juba utakuta majina ya mitaa ni kama shajara iliyoachwa wazi. Hai Neem ni mtaa wa mwarobaini. Hai Cinema unakumbusha sinema. Atlabara, kwa Kiarabu cha Juba, ni “toka nje”. Hai Referendum unakumbusha kura ya Januari 2011, ambayo karibu asilimia 99 ya wapiga kura walichagua kujitenga. Na kuna Mia Saba, ambako Mswahili akifika huanza kuhesabu.

Wimbi baada ya wimbi

Kabla ya majina hayo yote, hii ni ardhi ya Wabari. Katika miaka ya 1920 Waingereza walihamishia Juba makao makuu ya mkoa wa Mongalla, na mji ukaanza kukua ukingoni mwa Mto Nile. Viwanja vikagawanywa kwa madaraja, na waliokuwa daraja la chini kabisa walipata haki ndogo kuliko wote juu ya ardhi waliyoijenga. Mpango huo uliendelea hata baada ya wakoloni kuondoka.

Sensa ya mwaka 1983 ilikuta Juba ina watu takriban 84,000. Mwaka huohuo vita vya pili vilianza, na kwa miaka mingi mji ukawa ngome ya jeshi la serikali ya Khartoum, umezungukwa na waasi na mabomu ya ardhini. Wanavijiji walikimbilia ndani ya mji, na chakula cha msaada kikaletwa kwa ndege. Wakenya waliowahi kufika Lokichoggio wanaikumbuka Operesheni Lifeline Sudan iliyoanza mwaka 1989.

Mkataba wa amani uliposainiwa Nairobi Januari 9, 2005, mji ulifurika. Mwaka 2008 kaunti ya Juba ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 368,000. Ndipo pembezoni mwa mji, vichaka vikageuka makazi.

Kazi ya nyumbani

Niliwapa wanafunzi wa darasa la saba maswali matatu ya kuuliza nyumbani: Mlifika lini? Mlimkuta nani? Palikuwa na mti gani?

Majibu yalinifanya nikae chini. Mmoja aliandika kwamba babu yake alilima karanga hapahapa. Wa pili, wazazi wake walitoka Uganda mwaka 2006 na godoro moja. Wa tatu, familia yake ilipanda jahazi la mizigo kutoka Kosti mwaka 2011, wakasafiri Mto Nile kwa majuma. Wa nne alifika mwaka 2023, baada ya vita kulipuka Khartoum Aprili 15. Wote wanakaa kwenye madawati yaliyopakana, na kila mmoja aliamini kwamba historia ya mtaa ilianza siku familia yake iliposhusha mizigo.

Jibu la mti ndilo lililoleta taabu. Wavulana wawili walitaja mwembe mmoja. Kila baba ana karatasi yenye mhuri, na karatasi zote mbili zinataja kiwanja kimoja. Familia moja ilikimbia mapigano ya Julai 2016. Nyingine ikauziwa pakiwa patupu. Tangu siku hiyo wavulana hao hawakukaa tena dawati moja.

Nilikwenda kwa mama mmoja mzee anayeuza chai karibu na mwembe huo. Aliniambia, “Ustaz mwanangu, mwembe huu haukupandwa na hao wote wawili. Ulipandwa na mwanamke aliyekuwa akichota maji hapa, naye ni marehemu.” Akanionyesha palipokuwa na kisima, na njia ya miguu ambayo kila mtu aliitumia. Alisema wale waliotangulia waliwapokea waliofuata kwa sababu nao walipokewa.

Kesi ile iko kwa sultani, ndivyo tunavyomwita chifu, na si kazi ya mwalimu kuiamua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi, lakini haiwezi kumkumbusha mtu kisima kilikuwa wapi. Nilichofanya ni kuwapa wavulana wale karatasi moja ya manila wachore ramani ya mtaa pamoja: kisima, njia na mwembe, kama mama alivyosimulia. Waliichora kwa siku tatu. Siku ya kwanza hawakusemezana.

Somo kutoka Kibera

Nikiwa Nairobi kijana, nilishangaa kusikia wazee wa Kibera wakizungumza Kinubi nami nikaelewa. Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu. Mababu wa Wanubi walikuwa askari wa Emin Pasha hapa Ekwatoria, wakaingia Uganda na kisha Kenya katika utumishi wa Waingereza. Walipewa makazi msituni, “kibra” kwa lugha yao. Kwa vizazi kadhaa waliitwa wageni, nao hawakuchoka kusimulia walivyofika. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa hati ya jamii ya ekari 288. Jamii isiyojua ilikotoka ingeanzia wapi kudai?

Mama wa chai amezeeka, na wenzake wanapungua kila mwaka. Ndiyo maana wanafunzi wangu sasa wana daftari la mtaa: ukurasa mmoja kwa kila nyumba, wenye majibu ya maswali yale matatu. Hatuandiki nani mwenyeji na nani mgeni. Tunaandika nani alimpokea nani.

Nawe msomaji, uwe Manzese, Kisenso au Kawangware, mtaa wako una mama wa namna hiyo. Mnunulie kikombe cha chai, umuulize palikuwa na mti gani. Na uende na kalamu.