Vazi la mtangazaji na mizani zetu mbili

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyewateremshia wanaadamu vazi la kusitiri tupu zao na vazi la pambo, kisha akabainisha kuwa vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulialikwa chakula cha usiku nyumbani kwa ndugu yetu mmoja katika imani. Tulipokwisha kuswali Isha tukakaa sebuleni, na taarifa ya habari ya saa mbili ikaanza. Watangazaji walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Hata muhtasari haujamalizika, mmoja wetu alikwishasema kuwa mtandio wa yule bibi umerudi nyuma mno. Wa pili akaona rangi ya gauni lake inavuta macho. Wa tatu akasema wanja umezidi. Nasi, tuliotarajiwa kuwa wenye hekima katika kikao kile, hatukunyamaza. Tuliongeza letu, tukazungumzia vazi la mwanamke kwa kirefu mpaka taarifa ikafika kwenye michezo.

Binti wa mwenye nyumba, aliye kidato cha tatu, alikuwa akiondoa vyombo. Akasimama mlangoni, akauliza kwa adabu: "Samahani, Shekhe. Yule mwanamume aliyekuwa akisoma naye, amevaa nini?"

Tukatazamana. Mmoja akasema ni suti. Ya rangi gani? Hakuna aliyejua. Binti akauliza tena: "Na habari ya kwanza ilihusu nini?" Hilo nalo halikupata jibu. Ikabidi atueleze mwenyewe kuwa ilihusu kijiji kimoja ambacho wakazi wake wanafuata maji umbali wa saa mbili kwa miguu. Kisha akachukua sinia lake akaingia ndani.

Baadaye mama yake alitwambia kuwa mtoto huyo anatamani kuwa mtangazaji wa habari, na zamani alikuwa akisoma magazeti kwa sauti mbele ya kioo. Siku hizi haisemi tena ndoto hiyo. Maneno hayo yalitukaa moyoni, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Suti moja, mwaka mzima

Tusidhani kuwa mwenendo huu ni wetu peke yetu. Huko Sydney, Australia, kituo cha Channel Nine kina kipindi cha asubuhi kiitwacho Today. Kwa miaka mingi kiliongozwa na watangazaji wawili, Bw. Karl Stefanovic na Bi. Lisa Wilkinson. Wote walikaa kiti kwa kiti, wakauliza maswali yale yale na kuwahoji viongozi wale wale. Lakini barua za watazamaji hazikuwa sawa. Bi. Wilkinson alikuwa akiandikiwa juu ya magauni yake na nywele zake. Mwaka 2013, katika mhadhara alioutoa mbele ya wanahabari wenzake, aliusoma hadharani ujumbe wa mtazamaji mmoja aliyemkejeli kwa mavazi yake.

Bw. Stefanovic akaamua kufanya jaribio kimya kimya. Alichukua suti moja ya buluu akaivaa kazini siku baada ya siku, isipokuwa mara chache sana, kwa muda wa mwaka mzima. Watazamaji waliona suti ile asubuhi baada ya asubuhi. Hakuna aliyeandika kulalamika, wala hakuna aliyetambua. Mwezi Novemba 2014 alilifichua jambo hilo mwenyewe, akaeleza kuwa yeye hupimwa kwa mahojiano yake na ucheshi wake, ilhali wenzake wa kike hupimwa kwa wanachovaa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Na wala jambo halikuishia kwenye nguo. Mwaka 2017 Bi. Wilkinson aliondoka katika kituo hicho, na vyombo vya habari viliripoti kwamba mazungumzo ya mkataba wake yalikwama juu ya tofauti ya malipo kati yake na mwenzake huyo wa kiume. Mwenye kuhesabiwa kuwa pambo huishia kulipwa kama pambo.

Kwa nini mwanamume haonekani?

Mtu aweza kuuliza: imekuwaje macho ya watu wengi yapite juu ya suti ile mwaka mzima? Sababu ni kwamba suti ya mwanamume imekwisha kuwa sare. Koti, shati na tai vina umbo moja kutoka Tokyo hadi Dar es Salaam, na jicho likizoea kitu huacha kukiona. Hata mitambo ya studio imekubaliana na suti: kinasa sauti kidogo hubanwa kwenye ukosi wa koti, na betri yake hufichwa kiunoni kwenye mkanda. Gauni mara nyingi halina ukosi wala mkanda.

Mwanamke hakupewa sare ya namna hiyo. Kila avaacho huonekana ni uamuzi wake, na kila uamuzi una mahakimu. Akivaa rangi kali ataambiwa anajionesha, akivaa ya kufifia ataambiwa amezeeka. Akirudia gauni ataonekana hana, asiporudia ataonekana mfujaji. Nguo zenye mistari myembamba huchezacheza machoni pa kamera. Na msoma hali ya hewa akivaa kijani mbele ya pazia la kijani, mwili wake hupotea ndani ya ramani. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa makumi ya wanawake wanaosoma hali ya hewa katika vituo mbalimbali vya Marekani walikuwa wamenunua gauni la aina moja, la bei ya dola 23 hivi. Watu walicheka. Sisi hatukuona kichekesho. Tuliwaona wafanyakazi wanaotafuta, kwa pesa za mifukoni mwao, ile sare ambayo wenzao wa kiume walirithi bila ya kuiomba.

Cairo na Kabul

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya nchi za wenzetu. Basi na tutazame miji miwili ya Waislamu.

Nchini Misri, ambako wanawake wengi wa Kiislamu hujifunika kichwa, televisheni ya taifa ilianza mwaka 1960 na kwa zaidi ya miaka 50 haikumruhusu msoma habari kuonekana na hijabu. Wapo waliovua ili wabaki kazini, na wapo waliokataa wakaondolewa mbele ya kamera. Baadhi yao walikwenda mahakamani na kushinda, lakini hukumu hazikutekelezwa. Ilikuwa tarehe 2 Septemba 2012 ndipo Bi. Fatma Nabil aliposoma taarifa ya habari ya mchana akiwa na mtandio kichwani, wa kwanza katika historia ya televisheni hiyo. Habari alizosoma siku ile hazikumbukwi, mtandio wake unakumbukwa.

Miaka minne baadaye, Agosti 2016, shirika hilo hilo liliwasimamisha kazi watangazaji 8 kwa muda wa mwezi mmoja ili wapunguze unene. Wote 8 walikuwa wanawake. Na aliyekuwa mkuu wa shirika wakati huo alikuwa naye mwanamke, tena mtangazaji wa zamani. Tunalitaja hili ili ijulikane kuwa mizani mbovu haishikwi na wanaume peke yao.

Sasa twende Kabul, ambako shinikizo lilikuja kwa upande wa pili. Mwezi Mei 2022 watawala wa Afghanistan waliamuru watangazaji wa kike wafunike nyuso zao wanapokuwa hewani. Wanazuoni wametofautiana tangu zamani kuhusu uso wa mwanamke, na makala haya si mahali pa kuimaliza tofauti hiyo. Tunachotaka kukitazama ni kilichotokea studio. Katika kituo cha TOLOnews, wanawake walipojifunika kwa amri, wenzao wa kiume nao wakavaa barakoa nyeusi wakaketi nao hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa kiume akapata nafasi ya kujiuliza: ingekuwaje kama ningetakiwa mimi?

Cairo walimwambia mwanamke avue, Kabul wakamwambia aongeze. Amri hizo mbili zimepingana, lakini zimekutana mahali pamoja: mwanamke ndiye aliyebebeshwa sura ya taifa, na mwanamume aliyekaa kando yake akaendelea kusoma habari kwa suti yake au kanzu yake.

Dini yetu ilianza na nani?

Ndugu msomaji, hatusemi kuwa stara ya mwanamke si wajibu. Ni wajibu, na ushahidi wake u katika Suratun Nur na Suratul Ahzab, na haubadilishwi na mitindo ya televisheni. Tunachosema ni kwamba tumezoea kuisoma aya ya 31 ya Suratun Nur na kuiruka ya 30 iliyotangulia. Katika aya ya 30 Mola anaanza na wanaume waumini: anawaamrisha wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao, na anawaeleza kuwa huko ndiko kutakasika kwao. Ndipo katika aya inayofuata anapowageukia wanawake na kuwapa amri hiyo hiyo, kisha akaongeza hukumu za vazi lao. Kwa mpangilio huo, jicho la mtazamaji wa kiume limetajwa kabla ya mtandio wa mtazamwa.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Al-Fadhl bin Abbas (R.A.) katika Hija ya kuaga. Al-Fadhl alikuwa kijana, amepanda mnyama nyuma ya Mtume (S.A.W.). Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza mas-ala ya dini: baba yake ni mzee sana, hawezi kukaa imara juu ya mnyama, jee, amhijie? Al-Fadhl akawa anamtazama mama yule, naye akimtazama. Mtume (S.A.W.) akaushika uso wa Al-Fadhl akaugeuzia upande wa pili. Na swali likajibiwa: ndiyo, amhijie.

Tulitafakari kisa hiki baada ya usiku ule wa sebuleni. Mwanamke alikuja na jambo la maana, akapewa jibu la maana. Uso ulioshikwa na kugeuzwa ulikuwa wa mwanamume. Sisi tulifanya kinyume: tulikodoa macho, na jambo la maana, yaani wale wanakijiji wasio na maji, likatupita.

Na mwanamume ana hukumu zake za vazi. Wanazuoni wengi, na katika hao ni wa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wanasema tupu yake ni baina ya kitovu na magoti. Hariri na dhahabu ameharamishiwa. Lakini ni mara ngapi tumekaa dakika 90 tukitazama mapaja ya wachezaji bila ya neno? Ni mara ngapi tumemwona msanii wa kiume kifua wazi, mikufu ya dhahabu shingoni, watoto wakiwa mapajani mwetu, na hakuna aliyetafuta rimoti?

Katika Suratul Mutaffifin, Mola amewaonya vikali wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Twazoea kuifahamu sura hiyo kuwa ni ya wafanyabiashara wa mchele na sukari. Jee, mwenye kumdai binti wa watu stara kamili, na yeye mwenyewe hajadai hata robo yake kwa nafsi yake na kwa wanawe wa kiume, hayumo humo?

Tufanye nini majumbani?

Kwanza, tuanze na macho yetu. Kipindi kisichofaa kutazamwa kisitazamwe, na kinachofaa kisikilizwe kwa kile kilicholetwa. Kukaa na kulichambua vazi la mtu si kuinamisha macho, hata kama maneno yetu ni ya kukemea.

Pili, tunapowafundisha watoto stara, tuwafundishe wote. Kaka anayetembea ndani na bukta mbele ya wageni aambiwe pale pale anapoambiwa dada yake ajitande.

Tatu, binti mwenye kipaji cha kusema na kuandika asizimwe. Umma unahitaji watu wakweli wa kuueleza mambo yake, na mwenye stara yake na elimu yake ana haki ya kupimwa kwa usahihi wa habari zake.

Ama sisi, Ijumaa iliyofuata tulirudi kwa ndugu yetu yule. Mbele ya baba yake na mama yake tulimtaka radhi yule binti, kwa kuwa tulikuwa watu wazima na tukaacha mtoto atufundishe adabu ya kutazama. Aliona haya, akainamisha kichwa. Ilipofika saa mbili, baba yake akamwambia akae nasi. Tulisikiliza taarifa yote mpaka mwisho, kisha tukamwomba atusomee muhtasari wake kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya zamani. Alisita kidogo, halafu akasoma, na alisoma vizuri.

Tunamwomba Allah (S.W.) ayasitiri madhaifu yetu, atupe macho yenye haya na mizani yenye uadilifu, na awafungulie watoto wetu wa kike na wa kiume milango ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.