Mipaka ya wadi: Kwa nini idadi ya watu Kimulot na Nairobi ni suala la kura

Mkulima wa majani chai wa Kimulot, katika kaunti ya Bomet, huchagua diwani ndani ya mipaka ambayo haikuwekwa na diwani huyo wala na bunge la kaunti. Hata hivyo, mipaka hiyo ndiyo inayoamua ni nani atakayedai fedha za barabara ya kufikisha majani kiwandani, za zahanati na za karo ya watoto maskini.

Kimulot ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Konoin. Nyingine ni Chepchabas, Mogogosiek, Boito na Embomos. Kwa jumla, Kenya ina maeneobunge 290 na wadi 1,450, yaani wastani wa wadi tano kwa kila eneobunge.

Kazi ya kugawa maeneo hayo ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza tume kuchunguza upya mipaka ya maeneobunge kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi 12. Aidha, tume hutakiwa kuchunguza mara kwa mara idadi, majina na mipaka ya wadi.

Hesabu huanzia kwenye sensa. Idadi ya watu wote nchini hugawanywa kwa idadi ya maeneo ili kupata wastani. Sensa ya Agosti 2019 iliandikisha watu 47,564,296. Kwa hivyo, wastani wa eneobunge ni takriban watu 164,015, na wa wadi ni takriban watu 32,803.

Hata hivyo, sheria haidai usawa kamili. Eneo linaweza kuzidi au kupungua wastani huo kwa asilimia 30. Katika miji mikuu na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, tofauti inayoruhusiwa ni asilimia 40. Ndani ya nafasi hiyo, tume huzingatia milima, mito na vituo vya mijini, njia za mawasiliano, pamoja na uhusiano wa wenyeji kihistoria, kiuchumi na kitamaduni.

Kwa kipimo hicho, Konoin iko karibu kabisa na wastani. Sensa ilipata watu 163,507 katika kaunti ndogo hiyo. Lakini jirani yake Sotik ilikuwa na watu 227,855, idadi inayopita kikomo cha asilimia 30, ambacho ni takriban 213,000. Mwakilishi mmoja wa Sotik, kwa hivyo, anabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake wa Konoin.

Tofauti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kwingineko. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 kwa wadi 85, yaani zaidi ya watu 51,000 kwa kila wadi. Huo ni wastani wa jiji zima, na tayari unapita hata kikomo cha asilimia 40. Kwa upande mwingine, Lamu Mashariki, ambalo ni eneobunge zima, lilikuwa na watu 22,258. Hao hawatoshi hata wadi moja ya wastani. Eneo hilo lilinusurika katika mgawanyo uliopita kwa sababu Katiba ilizuia maeneobunge ya zamani yasifutwe. Ulinzi huo ulihusu mapitio ya kwanza pekee.

Katika nchi ya chai, hesabu ina ugumu wake. Wanaohesabiwa ni wakazi wote, wala si wapigakura peke yao. Kibarua aliyetoka kaunti nyingine na kulala katika kambi ya shamba la chai usiku wa sensa huhesabiwa hapo, hata kama kura yake ameiandikisha kwao. Mtoto wake pia huhesabiwa. Vibarua wakipungua, kama inavyohofiwa tangu mashine za kuchuma chai zizue ghasia Kericho mwaka wa 2023, hesabu ya wadi yenye mashamba makubwa inaweza kushuka ilhali wakulima wadogo wa kando yake hawajahama.

Kadhalika, wadi haiwezi kuvuka mpaka wa kaunti. Konoin inapakana na Kericho, na zamani Bomet yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi 1992. Hata hivyo, IEBC haina mamlaka ya kuhamisha mpaka wa kaunti. Hilo huhitaji tume maalumu inayoundwa na Bunge, kisha kuungwa mkono na thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti.

Mwananchi asiyeridhika na mipaka mipya ana siku 30, tangu ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwenda Mahakama Kuu. Nayo mahakama hutakiwa kuamua ndani ya miezi mitatu. Mipaka ya sasa, iliyochapishwa Machi 2012, ilizua kesi nyingi za aina hiyo.

Mipaka hiyo ndiyo iliyotumika katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022. Muda wa miaka 12 ulipoisha Machi 2024, tume haikuwa na makamishna. Wapya, chini ya mwenyekiti Erastus Ethekon, waliapishwa Julai 2025.

Katiba pia inasema mapitio yakikamilika ikiwa imesalia chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Kwa sababu hiyo, kila mwaka unaopotea unamweka mkazi wa Sotik au wa Nairobi katika foleni ndefu nyuma ya mwakilishi mmoja, na kura yake hubaki na uzito mdogo kuliko ile ya mwenzake wa Konoin.