Akili Unde na Vidonda vya Kulalia: Mambo ya Kuuliza Wodini

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani huumia pale mfupa ulipokaribiana na ngozi: kisigino, nyonga, kisogo, chini ya mgongo. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu, nyama hukosa oksijeni, na baada ya saa chache jeraha laweza kuanza. Wauguzi huyapanga majeraha haya katika hatua 4. Katika ya kwanza ngozi ingali nzima. Katika ya nne kidonda kimefika kwenye msuli au mfupa. Ya kwanza ndiyo ya kuwahi, kwani hapo mara nyingi mgonjwa hupona kwa kuondolewa mgandamizo tu.

Siku hizi ziko programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, zinazomsaidia muuguzi kutathmini vidonda hivi. Muuguzi hupiga picha kwa simu, akiwa ameweka kando ya kidonda kibandiko chenye vipimo. Programu hupima ukubwa, hutofautisha nyama hai na iliyokufa, kisha hupendekeza hatua. Faida yake si ndogo. Wauguzi wawili wakipima kidonda kimoja kwa rula waweza kupata majibu tofauti, ilhali picha zinazopimwa kwa namna moja kila wiki huonyesha kama kidonda kinapungua. Programu nyingine husoma kumbukumbu za mgonjwa na kukadiria hatari kabla ngozi haijadhurika. Kwa mkono, kazi hiyo hufanywa kwa Kipimo cha Braden, ambacho alama zake huanzia 6 hadi 23; kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyozidi.

Hata hivyo, liko jambo ambalo mwenye ngozi nyeusi hana budi kulifahamu. Programu hizi hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kuainishwa na wataalamu, na nyingi ya picha hizo ni za watu weupe. Dalili ya hatua ya kwanza iliyozoeleka vitabuni ni wekundu usiofifia ngozi inapobonyezwa kwa kidole. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Mahali hapo huweza kuwa peusi zaidi, au pa zambarau. Hapo hutegemewa mkono: joto au ubaridi usiolingana na ngozi ya jirani, ugumu au ulaini, na maumivu anayoyaeleza mgonjwa. Kamera haigusi. Programu ikisema ngozi ni salama na mgonjwa akasema kisigino kinamuuma, neno la mgonjwa litangulie.

Basi, unapouguza jamaa yako, uliza kama programu imejaribiwa kwa watu wenye ngozi kama yake, na ni muuguzi gani anayethibitisha jibu lake. Uliza pia picha zinahifadhiwa wapi na nani anaziona, kwa kuwa vidonda vingi huwa mahali pa siri mwilini. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Kenya ya mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa asiyeridhia kupigwa picha aombe kidonda chake kipimwe kwa rula. Kukataa kwake kusimnyime matibabu.

Ukigundua ngozi iliyobadilika unapomwogesha, usiisugue. Mgeuze asilalie upande huo, mwite muuguzi, mwonyeshe mahali penyewe, na uombe saa uliyotoa taarifa iandikwe katika faili.