Fahamu: Kwa nini kufunga mpaka hakutailinda Uvira na maradhi

Kati ya Kavimvira, upande wa Uvira nchini Kongo, na Gatumba ya Burundi, watu huvuka kila siku kutafuta riziki, na ugonjwa huvuka nao. Aina mpya ya mpox iliyozuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, ilifika Burundi Julai 2024. Wapo wanaosema dawa ni kufunga mpaka. Wamelisahau ziwa. Tanganyika ni la nchi nne, na mtumbwi hausubiri kizuizi kiinuliwe: mpaka ukifungwa, msafiri hupita pasipo muuguzi wala maji ya kunawa. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, Tanzania, kipindupindu kiliwakuta ufukweni mwa ziwa hilohilo.

Kinga ni kushirikiana na jirani. Wengine watauliza jirani huyo atusaidie nini, ilhali bomba letu hapa Uvira limekauka. Swali la haki: utafiti uliofanywa Uvira ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka. Lakini bomba hujengwa kwa miaka, simu ya kwenda Burundi ni ya dakika. Taarifa rasmi kwa Shirika la Afya Duniani hupitia Kinshasa, kama kilomita 1,500 kutoka hapa. Daktari wa Uvira na ampigie mwenzake wa Gatumba kwanza, barua ifuate.